Safari Kutoka Malinya Mpaka Hori ya Mida

Sisi watu wa Malinya tumezoea maji yaendayo upande mmoja tu. Maji ya chemchemi hushuka bondeni na kuingia katika kijito, kijito huingia katika Mto Yala, na Yala huyachukua mpaka Ziwa Victoria. Wala hatujapata kuyaona yakirudi. Kwa hiyo mtu wa kwetu akiambiwa ya kwamba yako maji ambayo huja asubuhi, huondoka mchana, hurudi jioni na kuondoka tena usiku, atadhani kuwa anasimuliwa hadithi ya watoto.

Maji hayo yapo, nami nimeyaona kwa macho yangu katika hori ya Mida, karibu na Watamu, katika nchi ya Kilifi. Nataka kuwaeleza wasomaji, hasa wenzangu wakulima na makarani wa bara ambao hawajapata nafasi ya kufika pwani, jinsi mahali hapo palivyo, faida zake, na hatari iliyopata kupafikia. Jambo nililojifunza huko latuhusu hata sisi tusio na bahari.

NJIANI

Msafiri atokaye Malinya hushika kwanza barabara kuu ya Kakamega na Kisumu, kisha hupanda basi la kwenda Nairobi. Kutoka Nairobi mpaka Mombasa ni mwendo wa kilomita zipatazo 480, naye aweza kwenda kwa basi au kwa gari la moshi la reli mpya iliyoanza kazi mwaka 2017. Katika safari ya kutoka Nairobi mtu hushuka mpaka pwani. Malinya iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,400; akifika Mombasa ameshuka mpaka usawa wa bahari yenyewe, na koti alilolivaa asubuhi nyumbani kwake humwia mzigo.

Kutoka Mombasa nilipanda matatu ya Malindi. Tulivuka Mtwapa, tukapita katikati ya mashamba makubwa ya mkonge ya Vipingo, kisha tukafika Kilifi penye daraja refu juu ya mkono wa bahari. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1991. Zamani magari yalivushwa kwa pantoni, na mtu aliyechelewa alingoja. Mbele ya Kilifi barabara hupita kati ya misitu miwili isiyofanana hata kidogo. Upande wa kushoto, yaani magharibi, uko msitu wa Arabuko-Sokoke wenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 420. Upande wa kulia, nyuma ya minazi na mikorosho ya wenyeji, uko msitu mwingine ambao miguu yake imo baharini. Hapo ndipo Mida.

MAHALI PENYEWE

Hori ni mkono wa bahari ulioingia katika nchi kavu. Hori ya Mida ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 32. Mlango wake ni mwembamba, nao uko karibu na Watamu; lakini ndani hufunguka na kuwa uwanja mpana wenye matawi mengi. Humo mna visiwa, kama kile kiitwacho Sudi, na kile cha Kirepwe chenye magofu ya majengo ya kale. Pande zote wanakaa watu, wengi wao Wagiriama na Waswahili, katika vijiji kama Dabaso, Mida na Uyombo.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba hakuna mto mkubwa wa kudumu uingiao humo. Mimi nilidhani kila ghuba ina mto wake. Maji matamu ya Mida hupita chini ya ardhi, katika mawe ya matumbawe, na kuchuruzika kidogo kidogo ndani ya hori. Mvua inyeshayo juu ya nchi iliyo nyuma ya hori hunywewa na udongo, na sehemu yake hutokea huko chini. Kwa hiyo msitu wa bara na hori ya chumvi, ijapokuwa vimetenganishwa na barabara ya lami, ni majirani wanaotegemeana.

Jambo la pili ni kujaa na kupwa kwa maji. Maji hujaa kwa muda wa saa sita na kitu, kisha hupwa kwa muda kama huo, mara mbili katika mchana na usiku. Kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika zipatazo 50, maana hufuata mwendo wa mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Wenyeji huyaita bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, maji hayapandi sana wala hayashuki sana, nayo huitwa maji mafu. Wakati wa bamvua tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa hukaribia mita 4 katika pwani ya Kenya, yaani zaidi ya urefu wa watu wawili waliosimama mmoja juu ya mabega ya mwenzake.

Nilifika maji yamejaa, nikaona ziwa kubwa la buluu. Nikaenda kula chakula cha mchana na kupumzika. Niliporudi, ziwa halikuwapo. Palikuwa na uwanda wa matope na mchanga, mkondo mmoja katikati, na wanawake waliopita kwa miguu mahali ambapo asubuhi ngalawa zilikuwa zikielea. Katika uwanja wetu wa Malinya mafahali wawili wakikutana, mmoja hushinda, mwingine hukimbia, na mchezo umekwisha. Huko Mida bahari na nchi kavu hushindana mara mbili kila siku, wala hakuna mshindi. Na katika kushindana huko viumbe wengi hupata riziki.

MITI ISIMAMAYO BAHARINI

Miti ya hori kwa jumla huitwa mikoko, lakini kila aina ina jina lake: mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, muia, mlilana na mkomafi. Kila mmoja una mahali pake, kama vile mkulima ajuavyo ni wapi pa kupanda viazi na ni wapi pa kupanda migomba. Mlilana husimama mbele kabisa penye maji mengi. Mkoko hufuata, na mizizi yake hutoka juu katika shina na kujipinda mpaka matopeni kama magongo ya mzee. Mchu waweza kukaa hata nyuma penye chumvi nyingi. Ukiramba jani lake utaonja chumvi, kwa sababu mti huo huitoa chumvi kwa majani. Mizizi yake midogo huchomoza juu ya matope kama misumari iliyopigwa kutoka chini, nayo ndiyo inayovuta hewa.

Mbegu ya mkoko haingoji kuanguka ndipo iote. Huota ikiwa ingali juu ya mti wa mama yake, ikaning'inia kama kijiti kirefu, pengine kikakaribia dhiraa moja. Ikianguka maji yamekupwa, yaweza kujichoma matopeni na kusimama papo hapo. Ikianguka maji yamejaa, huelea mpaka ipate mahali pengine.

Kazi ya miti hiyo ni kubwa kuliko mtu anavyofikiri akiitazama kutoka barabarani. Mizizi yake huyashika matope yasichukuliwe na maji, na huvunja nguvu za mawimbi yasile nchi. Kati ya mizizi hiyo samaki wadogo na kamba hujificha wasiliwe na wakubwa. Wakikua hutoka mlangoni na kwenda baharini. Kaa koko, ambaye huuzwa kwa bei nzuri, huchimba nyumba yake papo hapo. Kwa hiyo mtu akiukata mkoko mmoja hakati kuni tu. Huenda amevunja nyumba ya samaki ambao mvuvi wa Watamu angaliwavua mwaka ujao.

NDEGE WAGENI

Maji yanapokupwa, matope hujaa ndege. Wengi wao si wenyeji. Wako vidogo watokao Siberia, nchi ya barafu iliyo kaskazini ya Asia, ambao huzaa huko wakati wa kiangazi chao, kisha huruka maelfu ya kilomita kuja kula minyoo na kaa wadogo wa Mida. Yuko pia ndege mmoja mweupe na mweusi, mwenye miguu mirefu na mdomo mnene, ambaye chakula chake ni kaa. Huyo hutaga yai lake ndani ya shimo alilolichimba mchangani, katika visiwa na fukwe za upande wa Uarabuni na Ghuba, kisha huja kwetu. Wageni hawa hufika yapata mwezi wa Septemba na wengi huondoka yapata Aprili. Basi tope la Mida, ambalo mtu wa kupita huliita uchafu, ni ghala la chakula la ndege wa nchi za mbali. Likiharibika hapa, pengo litaonekana huko.

BORITI NA SHOKA

Tangu zamani za kale watu wa pwani wameitumia miti ya mikoko. Nyumba za mawe za Waswahili zilijengwa kwa boriti zake, na vyumba vyao vilikuwa vyembamba kwa kuwa upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Majahazi yalipakia miti hiyo na kuipeleka Arabuni ambako miti ya kujengea ni michache. Wakataji waliipanga kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti na nguzo, na kila unene ulikuwa na bei yake. Gome lake lilitumika katika kutengeneza ngozi na rangi.

Serikali iliona mapema ya kwamba miti hiyo yahitaji ulinzi. Mwaka 1932 misitu ya mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa misitu ya Serikali, na tangazo jingine likafuata mwaka 1964. Mwaka 1968 Watamu ilifanywa hifadhi ya bahari pamoja na Malindi, zikiwa za kwanza katika Kenya, na hori ya Mida ikawekwa katika sehemu ambayo uvuvi wa desturi huruhusiwa kwa masharti. Mwaka 1979 shirika la UNESCO liliitia nchi hiyo yote katika orodha yake ya hifadhi za viumbe duniani. Mwaka 1982 Serikali ilikataza kuuza miti ya mikoko katika nchi za nje.

Msomaji atasema: ikiwa sheria zilikuwa nyingi hivyo, hatari ilitoka wapi? Hilo ndilo swali nililojiuliza nilipoona visiki vya zamani katikati ya miti michanga. Miti ilikatwa wakati sheria ikiwapo. Mmoja alikata fito za kuku, mwingine boriti mbili za jikoni, mwingine kuni za kuchomea chokaa, na kila mmoja alisema moyoni mwake ya kwamba alichochukua ni kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini haba na haba vile vile hukimaliza.

MANENO YA MZEE

Karibu na maji nilimkuta mzee mmoja mvuvi akishona wavu chini ya mti. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?" Nilipomwambia ya kuwa natoka Kakamega, alicheka, akasema ya kwamba nimekuja mbali sana kutazama matope.

Nikamwuliza kama watu wa kwao wanaupenda ulinzi wa miti hiyo. Aliuweka wavu chini kwanza, ndipo akajibu.

"Mwanangu," alisema, "nyumba niliyozaliwa ilijengwa kwa miti hii. Baba yangu hakumwomba mtu ruhusa. Sasa mimi nikitaka nguzo ya jikoni yanipasa nitafute karatasi. Wageni huja kutazama ndege, hupiga picha, huenda zao. Nguzo yangu haijapatikana. Ukiniuliza kama jambo hilo ni tamu, nitakuambia si tamu."

Nikanyamaza. Akaendelea, "Lakini pia sitakudanganya. Tulikata kwa siri. Askari wa msitu alikuwa na siku zake, nasi tulizijua. Pale penye visiki, nilipokuwa kijana tulivua kamba wa kujaza vikapu. Miti ilipokwisha, na kamba wakaondoka. Hapakuwa na askari aliyetukataza kamba, tuliwafukuza wenyewe."

"Basi ni nini kilichowafanya mwache?" nilimwuliza.

Akanionyesha daraja la mbao lililotundikwa kwa kamba juu ya mikoko. "Mjukuu wangu anasoma shule ya sekondari kwa fedha za daraja lile. Nikikata, nakata karo yake."

DARAJA LENYE KULIPA KARO

Nilikwenda kulitazama daraja hilo. Ni njia nyembamba ya mbao ipitayo kati ya miti kwa zaidi ya mita 200, na mwisho wake pana kibanda cha kutazamia ndege. Mtu akitembea juu yake hucheza kama machela, nami, niliyezoea udongo mwekundu ulio imara, nilishika kamba kwa mikono miwili. Wageni hulipa ada kidogo. Fedha hizo huingia katika mpango uitwao ASSETS, ulioanzishwa mwaka 2001 na chama cha A Rocha Kenya, nazo hutumika kuwasaidia watoto wa sekondari ambao jamaa zao wanakaa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na hori ya Mida. Wazazi nao huahidi kuilinda misitu hiyo, tena hushiriki katika kupanda miti.

Huko Gazi, kusini ya Mombasa katika nchi ya Kwale, wenyeji wamepata njia nyingine. Tope la mikoko hushika kaboni nyingi, ambayo ikiwa hewani huongeza joto la dunia. Watu wa Gazi na Makongeni, kwa mradi uitwao Mikoko Pamoja, hulinda hekta 117 za mikoko, na tangu mwaka 2013 wamepata fedha kutoka kwa watu wa nchi za mbali kwa sababu ya kaboni hiyo. Fedha hizo zimeleta maji ya bomba na vifaa vya shule. Mti uliosimama umewalipa, wala haukuanguka.

Sisemi ya kwamba taabu zote za Mida zimekwisha. Mwenye njaa bado atalitazama shoka, na bado wako wavutao nyavu zenye matundu madogo zinazokamata hata watoto wa samaki, ijapokuwa majuya yalipigwa marufuku mwaka 2001. Tena karo ya watoto kadhaa haiwezi kumlipa kila mtu hasara yake, na malalamiko ya yule mzee kuhusu nguzo ya jikoni ni ya haki. Lakini nimeona tofauti kubwa kati ya kitu kinacholindwa kwa tangazo tu na kitu kinacholindwa na jirani yake ambaye anajua faida yake.

SISI WA BARA

Kabla ya kurudi nilipita Gede, mji wa kale ulio karibu na Mida, ambao watu wake waliuhama yapata karne ya 17. Leo ni magofu ya misikiti na nyumba chini ya miti mikubwa. Sababu za kuhamwa kwake ni nyingi katika maneno ya wataalamu, na moja ni upungufu wa maji: kisima cha msikiti mkuu kilichimbwa tena ili kifike chini zaidi. Nilisimama juu ya kisima hicho nikaikumbuka chemchemi ya kwetu.

Wenzangu wa Malinya, sisi hatuna mikoko, lakini tunayo nchi iliyo kati ya maji na shamba. Ni ile ardhi ya bondeni yenye mafunjo na matope, ambayo mkulima huiona kuwa imepotea bure. Tumeilima mpaka ukingoni, na penye chemchemi tumepanda mikaratusi, kwa kuwa mti huo hukua upesi na nguzo zake hulipa karo. Simlaumu mtu, nami ninayo mikaratusi yangu. Lakini mkaratusi hunywa maji mengi, na mwaka 2009 Serikali iliamuru ing'olewe kandokando ya maji. Amri ilitoka, miti mingi ikabaki, kama vile matangazo ya zamani yalivyokuwa na visiki vikabaki Mida.

Basi tusingoje askari. Wenye mashamba yanayopakana na chemchemi moja wakutane, wakubaliane kuuacha ukingo wake ukae na mafunjo na miti ya asili, na mikaratusi ihamishiwe mlimani mbali na maji. Na yule ambaye ukingo wa shamba lake ndio mkubwa asiachwe apate hasara peke yake. Wote wachotao maji hapo wamsaidie miche, au kazi ya mikono, mpaka miti yake mipya ikue. Mzee wa Mida alinifundisha ya kuwa ulinzi unaomwangukia mtu mmoja hauwezi kudumu.

Siku ya kuondoka niliamka mapema, nikashuka tena mpaka hori. Maji yalikuwa yamekupwa, na ndege walikuwa wakila. Nilipokuwa nikitazama, maji yalianza kurudi mlangoni, polepole, yakaifikia mizizi ya kwanza, kisha ya pili. Maji ya Mida yakiondoka, mtu hukaa akingoja saa sita tu. Chemchemi ya Malinya ikikauka, hakuna ajuaye atangoja mpaka lini.